Lango la Kasarani

Jumamosi tarehe 1 Agosti 1987, Kenya ilifungua Michezo ya Nne ya Afrika katika uwanja mpya uliojengwa kando ya barabara ya Thika, nje kidogo ya Nairobi ya wakati ule. Kwa Mkenya mtu mzima, tarehe hiyo haikuwa tarehe ya kawaida. Miaka mitano kamili kabla yake, alfajiri ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Wanahewa waliiteka redio ya taifa na kutangaza kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Jaribio lile lilizimwa siku hiyo hiyo, lakini hofu liliyoiwasha haikuzimika nalo. Katikati ya miaka ya themanini, msako wa watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, vuguvugu la siri la upinzani, ulikuwa umewafikisha wahadhiri, wanafunzi na wanasiasa kwenye vyumba vya mateso vya jumba la Nyayo, katikati ya jiji.

Serikali iliyokuwa ikiendesha msako huo ndiyo iliyoialika Afrika ije Nairobi kukimbia, kuogelea, kupigana ngumi na kucheza mpira. Uwanja ukapewa jina la Rais. Wananchi wakauita Kasarani, kwa jina la mtaa wenyewe, na jina hilo ndilo lililodumu midomoni, hata katika miaka ambayo kampuni ya simu ililipia haki ya kutundika jina lake pale mlangoni.

Michezo yenyewe ilikuwa imengojewa sana. Ya kwanza ilifanyika Brazzaville mwaka 1965, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa na umri wa miaka michache tu, na bendera mpya zilihitaji mahali pa kupepea pamoja. Ya pili ikachelewa hadi Lagos, 1973. Ya tatu ikawa Algiers, Julai 1978. Kisha kimya cha miaka tisa. Kuandaa mashindano ya bara zima lilikuwa jambo la gharama kubwa, na miaka ya themanini ilikuwa miaka ya ukame, madeni na masharti ya mashirika ya fedha. Kwamba Nairobi hatimaye iliweza, ni jambo la kuheshimiwa, na sisemi hivyo kwa kuwafurahisha waliotawala. Tangu wakati huo Michezo ya Afrika imekwenda Cairo, Harare, Johannesburg, Abuja, Algiers tena, Maputo, Brazzaville tena, Rabat na Accra. Afrika Mashariki haijaipata mara ya pili.

Kilichojengwa Kasarani hakikuwa uwanja wa mpira peke yake. Palikuwa na jukwaa kubwa la duara la watu 60,000, uwanja wa pili wa wanariadha kupashia misuli, ukumbi wa michezo ya ndani wenye nafasi ya watu wapatao 5,000, bwawa la kuogelea la kiwango cha mashindano, na malazi ya wachezaji. Waliojenga walikuwa Wachina, na hapo Kasarani inaingia katika historia ndefu zaidi ya pwani na bara la Afrika Mashariki. Uwanja wa Amaan kule Unguja ulikuwa umeshafunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa Uchina. Baada ya Kasarani ukaja Namboole, nje ya Kampala, mwaka 1997, na baada yake uwanja wa taifa wa Dar es Salaam mwaka 2007, ambao sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Ukiipanga miaka hiyo utaona kwamba karibu kila muongo mmoja au miwili nchi mojawapo ya ukanda huu ilipokea uwanja kutoka Beijing. Uchina ya mwaka 1970, au hata ya 1987, haikuwa nchi tajiri. Ilitoa kile ilichokuwa nacho, yaani wahandisi, saruji na subira, na ikapata marafiki. Sina ugomvi na biashara hiyo. Swali linalonisumbua ni la upande wetu: tulipokabidhiwa ufunguo, tulijua uwanja ni wa kufanyia nini siku ya kumi na tatu?

Kwa maana siku kumi na mbili zenyewe zilipita vizuri. Hazikuwa na Afrika Kusini, iliyokuwa bado imefungiwa nje ya michezo ya bara kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na ambayo isingekanyaga Michezo ya Afrika hadi Harare, 1995. Lakini waliokuja walikuja kwa nguvu. Wenyeji walipata medali nyingi, na katika kandanda timu ya taifa, Harambee Stars, chini ya kocha Mjerumani Reinhard Fabisch, walifika fainali. Fainali hiyo ilichezwa Kasarani dhidi ya Misri. Misri wakashinda kwa bao 1-0.

Bao hilo moja wazee wa mpira wa Nairobi bado wanalizungumza. Naliona kuwa sehemu ya urithi wa Michezo ile kuliko medali nyingi za dhahabu, kwa sababu timu ile iliwafundisha Wakenya kutarajia. Kabla ya hapo Kenya ilijulikana kwa kutawala kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, ililolitwaa mara tatu mfululizo kuanzia 1981 hadi 1983. Kwenye bara hasa, ilikuwa timu ya kupita njia. Mwaka 1987 ilionekana kwamba inawezekana kusimama na Misri mbele ya majukwaa yaliyojaa na kupungukiwa kwa bao moja tu.

Miezi minne baadaye matarajio hayo yakatimia, pale pale. Gor Mahia walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, lile ambalo mashabiki wa Kenya wanalikumbuka kama Kombe la Mandela, ingawa Mandela mwenyewe alikuwa bado gerezani. Mechi ya kwanza, kule Tunis, ilikwisha 2-2 dhidi ya Espérance. Tarehe 5 Desemba 1987 timu mbili hizo zikarudiana Kasarani na kwenda sare ya 1-1, na Gor wakachukua kombe kwa mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la bara hadi leo. Pasipo Kasarani, fainali ile ingechezwa mahali padogo zaidi, na huenda isingebaki katika kumbukumbu za watu kwa namna inavyobaki. Mwaka uliofuata bondia Robert Wangila akarudi kutoka Seoul na medali ya dhahabu ya Olimpiki. Ilionekana kama nchi imefungua mlango.

Kisha mlango ukaanza kujifunga polepole, kwa namna ambayo haikuandikwa kwenye magazeti kwa sababu hakuna tukio la kuandika. Nyasi hazitangazi zinapokufa. Bomba la maji linalovuja halina msemaji. Mashindano ya kimataifa huja na bajeti ya kujenga, kwa kuwa kujenga kuna siku ya kukata utepe na kuna bamba la shaba ukutani. Matunzo hayana utepe. Mtu anayehitajika ni mkata nyasi, fundi wa umeme, msimamizi wa bwawa anayepima dawa ya maji kila asubuhi, na mshahara wao kila mwezi, miaka thelathini mfululizo, michezo iwepo isiwepo.

Malipo ya uzembe huo yalifika haraka. Kenya ilikuwa imepewa heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996, ikapokonywa. Mashindano yakapelekwa Afrika Kusini iliyokuwa huru kwa mwaka wa pili, na dunia nzima ikamwona Mandela amevaa jezi ya taifa akimkabidhi nahodha kombe. Kila ninapoiona picha ile nakumbuka kwamba sherehe ile ilipangwa kufanyika Nairobi. Miaka ishirini na moja baadaye historia ikajirudia: Kenya ikapewa CHAN ya mwaka 2018, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, na Septemba 2017 Shirikisho la Soka la Afrika likaiondoa kwa kuwa viwanja havikuwa tayari. Morocco wakaichukua, wakaishinda.

Aibu kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 2024, na wengi wameshaisahau. Kasarani na uwanja wa Nyayo vyote vilikuwa havifai kwa mechi za kimataifa. Harambee Stars wakacheza mechi zao za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, mjini Lilongwe, Malawi. Mwezi Septemba wakamkaribisha Zimbabwe, na mwezi Oktoba wakamkaribisha Cameroon, Namboole nchini Uganda. Namboole wenyewe ulikuwa umepitia masaibu yake: wakati wa korona uligeuzwa kituo cha wagonjwa, na kwa muda mrefu Uganda pia haikuwa na uwanja uliokubalika. Nchi iliyoandaa bara zima mwaka 1987 ikawa inaomba uwanja kwa jirani.

Lakini kusema kwamba Kasarani ulikaa bure miaka yote hiyo si kweli. Ulitumika sana, kwa mambo ambayo hayakuwemo kwenye michoro.

Marais wanaapishwa Kasarani. Uhuru Kenyatta aliapishwa hapo tarehe 9 Aprili 2013, na tena tarehe 28 Novemba 2017. William Ruto akaapishwa hapo tarehe 13 Septemba 2022. Ni jambo linaloeleweka: kiapo kinahitaji mashahidi, na hakuna jengo jingine jijini lililoweza kukusanya mashahidi wengi namna hiyo wakiwa wameketi. Papa Francis alikutana na vijana hapo tarehe 27 Novemba 2015, akawafananishia ufisadi na sukari, kwamba ni tamu na humharibu mtu kutoka ndani, kisha akawaomba washikane mikono kuukataa ukabila. Uwanja mzima ulishikana mikono. Katika historia yote ya jengo lile, hiyo ni siku mojawapo ninayotamani Kasarani ikumbukwe kwayo.

Mwaka mmoja na miezi saba kabla ya hapo, jengo hilo hilo lilikuwa gereza. Aprili 2014, baada ya mfululizo wa mashambulizi ya kigaidi, serikali ilianzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Polisi waliingia mtaa wa Eastleigh usiku, nyumba kwa nyumba, wakawakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakiwemo Wakenya wenye vitambulisho, wanawake wajawazito na watoto. Seli za polisi zikafurika. Waliobaki wakapelekwa Kasarani kuchunguzwa. Watetezi wa haki walipouliza ni sheria gani inayoruhusu kuwazuilia raia katika uwanja wa michezo, jibu la serikali lilikuwa kwamba uwanja umetangazwa rasmi kuwa kituo cha polisi. Kwa hiyo mahali palipojengwa ili mataifa ya Afrika yakutane, watu walishikiliwa kwa sababu ya taifa walilodhaniwa kuwa ndilo lao. Sijaona bamba lolote la ukumbusho wa jambo hilo, na ningependa liwepo. Urithi wa mashindano makubwa si ule tu unaopendeza kwenye vitabu vya wageni. Jengo lenye kuta ndefu na malango machache, likikaa bila kazi yake halisi, serikali yoyote inaweza kulipa kazi nyingine.

Ukifuatilia historia ya Kasarani kwa makini utaona kwamba malango yake ndiyo yanayosema zaidi. Novemba 2017, siku ya kiapo, umati uliokuwa nje ulijaribu kuingia kwa nguvu na polisi wakaujibu kwa mabomu ya machozi. Septemba 2022, kabla hata jua halijachomoza, watu walisukumana langoni, ua ukaanguka na makumi wakaumia. Jijini Nairobi maafa ya lango hayakuanzia hapo: Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, watu saba walikufa kwa kukanyagwa katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Agosti 2025, wakati Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa CHAN kwa pamoja, mashabiki wasio na tikiti walivunja mistari ya ulinzi Kasarani, na shirikisho likapunguza idadi ya watazamaji kuwa 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia. Miezi miwili baadaye mwili wa waziri mkuu wa zamani, Raila Odinga, ulirejeshwa kutoka India na kupelekwa Kasarani ili wananchi wauage. Umati ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wa malango. Polisi walifyatua risasi na mabomu ya machozi, na waombolezaji wakauawa.

Kila baada ya tukio kama hilo hufuata kauli ile ile, kwamba mashabiki wetu hawana nidhamu. Sikubaliani nayo. Watu wa mitaa ya Mwiki, Githurai, Roysambu na Zimmerman wanapita kando ya ua wa Kasarani kila siku wakiwa ndani ya matatu, na wengi wao wanaweza kukaa mwaka mzima bila kuingia. Uwanja haukujengewa mazoea ya kuingiwa. Ulijengewa tukio. Mahali ambapo mtu huingia kila Jumamosi kwa tikiti ya bei nafuu, anajua lango lake, anajua ngazi yake, anajua atarudi wiki ijayo, hivyo hana sababu ya kusukuma. Mahali panapofunguliwa mara chache, kwa rais, kwa papa au kwa jeneza, kila aliye nje anaamini kwamba asipoingia leo hataingia tena. Jambo hili halitatuliwi kwa kuongeza polisi. Linatatuliwa kwa kalenda, yaani ligi ya wanawake hapa, mashindano ya shule pale, mazoezi ya klabu za mtaa, na bwawa linalofundisha watoto wa mtaa kuogelea kwa ada wanayoimudu.

Nasema haya kwa uhakika kwa sababu sehemu moja ya Kasarani imeshathibitisha. Nayo si nyasi, ni ile njia ya mbio inayozizunguka.

Mwaka 2017 Nairobi ilipewa Mashindano ya Dunia ya Riadha ya vijana wasiozidi miaka 18. Marekani, Uingereza, Canada na wengine kadhaa hawakuja kwa sababu ya wasiwasi wa usalama, kwani mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Uwanja ulifanyiwa ukarabati kwa ajili ya mashindano hayo. Wananchi wakaja kwa wingi ambao mashindano hayo ya vijana hayakuwahi kuuona kokote, na siku ya mwisho majukwaa yakajaa kama vile ni fainali ya Kombe la Dunia. Waandaaji wa dunia walishangaa. Mimi sikushangaa: safari hii watu walikuwa wamekaribishwa. Yalikuwa mashindano ya mwisho ya aina yake, shirikisho la kimataifa lilikuwa limeshaamua kuyafuta, na kwa hiyo Nairobi ndiyo iliyoyaaga.

Miaka minne baadaye, Agosti 2021, yakaja ya wasiozidi miaka 20. Korona ilikuwa imewafungia watazamaji nje, na hivyo mbio zile zilikimbiwa mbele ya viti vitupu. Mshindi wa mita 800 alikuwa kijana wa Kenya aitwaye Emmanuel Wanyonyi, aliyemaliza kwa dakika 1:43.76, rekodi ya mashindano hayo. Mshindi wa mita 100 alikuwa Letsile Tebogo wa Botswana. Miaka mitatu baadaye, jijini Paris, Wanyonyi alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 800 na Tebogo bingwa wa Olimpiki wa mita 200, dhahabu ya kwanza kabisa ya nchi yake. Wote wawili walipata taji lao la kwanza la dunia kwenye njia ile ile ya Kasarani.

Na mwezi mmoja tu baada ya mashindano yale ya vijana, tarehe 18 Septemba 2021, katika mbio za Kip Keino Classic, Ferdinand Omanyala akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuvunja rekodi ya Afrika. Alimaliza wa pili, sehemu moja tu ya mia ya sekunde nyuma ya Mmarekani Trayvon Bromell. Mei 2022 Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaica alikuja akakimbia mita 100 za wanawake kwa sekunde 10.67 pale pale. Jambo hili linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Kenya ni nchi ya mbio ndefu. Hakuna aliyejenga Kasarani akiwaza wakimbiaji wa mita 100. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na hewa nyepesi humpunguzia mkimbiaji wa mbio fupi kizuizi cha upepo. Njia nzuri ikiwekwa mahali pa hewa nyepesi na kutunzwa, wakimbiaji wenyewe huifuata. Hakuna hotuba ya mwaka 1987 iliyotabiri hilo. Hakuna kamati iliyoliandika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba mashindano makubwa ni hasara tupu. Kasarani haikuwa hasara. Imerudisha zaidi ya ilivyogharimu katika vitu visivyopimwa kwa shilingi: kombe la Gor, msisimko wa 2017, sekunde 9.77. Lakini ilirudisha kila mara kwa bahati, baada ya kuokolewa ikiwa taabani, na mara nyingi kwa mkono wa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wachina walirudi kuikarabati. Kisha ikakarabatiwa kwa ajili ya 2017. Kisha ikafungwa tena na kukarabatiwa kwa ajili ya CHAN. Ni uwanja unaotunzwa tu mgeni anapokuja, na kati ya mgeni na mgeni kizazi kizima cha wachezaji hukua na kuzeeka. Mfano mkali zaidi uko Eldoret, mji uliozaa mabingwa wengi wa riadha. Uwanja wake wenye jina la Kipchoge Keino ulianza kukarabatiwa katikati ya muongo uliopita, ukakwama, na kwa miaka mingi mabingwa hao wamefanya mazoezi barabarani na kwenye viwanja vya udongo.

Unguja wamejaribu njia nyingine. Amaan, mkubwa wake Kasarani kwa miaka kumi na saba, ulijengwa upya na kufunguliwa tena Desemba 2023. Tofauti moja ni kwamba Amaan iko katikati ya mji, mtu anaweza kuifikia kwa miguu, na Kombe la Mapinduzi huifungua karibu kila Januari bila kungoja shirikisho lolote la nje liamuru. Ulipofika wakati wa CHAN ya 2025, mechi nyingi za kundi moja zilichezwa pale. Kenya nayo, ikiwa mwenyeji wa kweli kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ikawashinda Morocco na kuongoza kundi lake, kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Fainali yenyewe ikachezwa Kasarani tarehe 30 Agosti 2025, Morocco wakawafunga Madagascar 3-2. Miaka thelathini na minane baada ya Misri, uwanja ule ukawa tena na fainali ya bara.

Sasa kinachongojewa ni Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja mwezi Septemba 2023. Arusha, Tanzania, inajenga; Hoima, Uganda, imejenga. Nairobi inajenga uwanja wa Talanta, wa watu 60,000, kando ya barabara ya Ngong, na wajenzi ni kampuni ya Kichina. Safari hii, lakini, fedha zake zimepatikana kwa njia ambayo Kasarani haikuijua: kwa hatifungani ya karibu shilingi bilioni 45 iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 2025, ya kulipwa kwa miaka 15, kwa riba inayozidi asilimia 15 kwa mwaka.

Hesabu hiyo ni vyema kila Mkenya aifanye mwenyewe. Mashindano yatachukua wiki chache za mwaka 2027. Deni litakuwa likilipwa hadi mwaka 2040, na mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atakuwa mtu mzima anayelipa kodi. Katika miaka kumi na mitatu inayobaki baada ya fainali kuna wikendi zaidi ya mia sita. Wanaosimamia Talanta wanapaswa kuchapisha kalenda ya wikendi hizo sasa, kabla ya nyasi kupandwa: timu gani zitacheza hapo, shule gani zitaingia, kwa tikiti ya shilingi ngapi, na fungu gani la bajeti ya 2028 litamlipa mkata nyasi. Bunge lina kamati ya michezo yenye mamlaka ya kuidai kalenda hiyo, na bado kuna muda wa kuiita wizara na kuiuliza.